Makala Saba kwa Mwandiko wa Profesa

Mtu aliyekaa nyuma ya mashine ya fotokopi katikati ya Nairobi kwa miaka ishirini na miwili hashangazwi na kitu, na mimi nilikuwa nimekaa. Nimenakili cheti cha ndoa mwezi wa pili na karatasi za talaka za watu wale wale kabla ya Krismasi. Nimepiga taipu mahubiri ya mchungaji, na wiki iyo hiyo nikapiga barua ya waumini waliotaka mchungaji huyo afukuzwe, nikawatoza bei moja. Mwanamume mmoja aliniletea wosia wa baba yake akaniomba nipunguze jina moja tu, dogo. Nilimrudishia karatasi zake nikamwonyesha ngazi. Kwa hivyo mtu akiniambia kuna jambo la karatasi ambalo sijaliona, huwa namvutia kiti akae aeleze, kisha namweleza mimi jinsi lilivyokwisha.

Basi jambo la hakimiliki lilinikuta nimekaa hivyo hivyo, kifua mbele.

Shule niliiacha darasa la sita. Nilikuja mjini kufagia ofisi, na mchana wakubwa wakienda kula mimi nilikuwa nakaa kwenye taipureta ya sekretari najifunza herufi zilipo. Nilipotoka hapo nilikuwa napiga haraka kumshinda, na yeye alikuwa na cheti ukutani. Taipureta yangu ya kwanza niliinunua kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa kule Upper Hill, nikaibeba begani mpaka mjini. Kufikia mwaka ninaouzungumzia, ule mwaka walipokuwa wanachimbua barabara zote za mjini kufukia nyaya za intaneti, nilikuwa na chumba kizima orofa ya pili karibu na River Road, mashine nne za fotokopi, skana mbili, kompyuta sita, wafanyakazi watano wenye diploma, na nyumba za kupangisha kule Kabiria ambazo nilizijenga bila mkopo wa benki hata mmoja. Nayataja haya mapema ili atakayesoma yanayofuata asidhani nilikuwa mtu wa kubahatisha.

Chuo kikuu kimoja cha hapa mjini kilikuwa kimeamua kuweka makala za utafiti za wahadhiri wake kwenye intaneti, mtu yeyote popote alipo azisome bila kulipa. Waliiita hifadhi ya mtandaoni. Mkutubi aliyepewa kazi hiyo alikuwa mama mmoja wa kutoka Machakos, mwembamba, sauti ya chini, mtu asiyesahau kitu. Kamati yao ilitaka kazi ya kuskani ipewe kampuni kubwa yenye mapokezi na maua mezani. Yeye akapanda ngazi zangu kama mteja wa kawaida, akanipa kurasa tatu zilizochakaa, akaangalia zilivyotoka, akalipa, akaondoka. Baada ya siku nne akarudi na mkataba. Alikuwa amewaambia kamati ni mimi au hafanyi, na akatia sahihi yake mwenyewe kwamba atanisimamia.

Akaniletea katoni yenye makala thelathini na moja. Juu yake aliweka maagizo mafupi: skani nakala hizi za waandishi, hizi tu, kama zilivyo.

Nilipofungua katoni niliona aibu kwa niaba yao. Karatasi zilizopigwa taipu kwa nafasi pana kama za mtoto wa shule, madoa ya chai, mistari iliyokatwa kwa kalamu, picha zimebandikwa nyuma kabisa badala ya mahali pake. Hizi ndizo za kuonyesha dunia? Nilijua makala zile zile zimo ndani ya majarida ya ng'ambo pale kwenye maktaba yao, kurasa zimepangwa safu mbili, herufi nzuri, majedwali yamenyooka. Nani anatoka nje na nguo ya ndani wakati suti imo kabatini? Nikamtuma fundi wangu bora zaidi kwenye rafu za majarida. Tukaskani kutoka huko. Niliondoa mwenyewe kivuli cheusi cha mkunjo wa kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, nikanyoosha hata zile zilizokuwa zimepinda tangu kiwandani. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Ile katoni nikaiunga na takataka za duka, na mnunuzi wa karatasi kuukuu aliyekuwa anapita kila Ijumaa akaipima kwa kilo akaipeleka Industrial Area.

Mkutubi wiki hiyo alikuwa kwao kwa mazishi. Vijana wa kompyuta wa chuo walipokea diski zangu wakapakia kila kitu bila kuuliza.

Haikuisha miezi miwili. Asubuhi moja nikamwona amesimama mlangoni na bahasha, akingoja mteja niliyekuwa naye aondoke.

"Boss, hizi kurasa ulizitoa wapi?"

"Kwa majarida yenu wenyewe, madam. Si umeona vile zimetoka safi?"

"Nimeona. Na wenyewe pia wameona."

"Wenyewe gani? Wenyewe si ni maprofesa?"

Akanipa barua. Ilikuwa ya mchapishaji wa ng'ambo, ya adabu sana, ile adabu ya mtu ambaye ameshaongea na wakili. Alitaka kurasa zake ziondolewe mara moja. Mkutubi akanieleza pole pole, kama anayepima dawa. Profesa akipeleka makala kwa jarida, hutia sahihi fomu ya kumpa mchapishaji haki. Zile kurasa zilizopangwa, ule uzuri wote niliousafisha mimi, ni mali ya mchapishaji. Lakini wengi wao humwachia mwandishi ruhusa moja: nakala yake mwenyewe, ile ya mwisho aliyoipeleka kabla hawajaipanga, anaweza kuiweka kwenye hifadhi ya chuo chake.

"Ile yenye madoa ya chai?" nikauliza.

"Ile yenye madoa ya chai."

Hapo nilishangaa, nakubali. Mtu ametoa kitu kichwani mwake, na akikinakili kutoka kwenye jarida amevunja sheria. Maneno yayo hayo, nukta kwa nukta, kwenye karatasi chafu, ni halali. Nilizunguka mashine mara mbili nikilifikiria hilo. Kisha nikaona si vigumu. "Basi ni rahisi. Tutoe hizi, tuweke zile."

"Ndio nimekujia zile. Katoni iko wapi?"

Nikamwambia ilikokwenda. Alikaa juu ya bunda la karatasi, mkoba mapajani. Alipoongea hakupandisha sauti. Naibu wa makamu wa chuo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alikuwa amempa wiki tatu. Kurasa zilishaondolewa. Ikifika Jumatatu ya mkutano na mapengo yale hayajajazwa kwa njia halali, hifadhi nzima inafungwa, na yeye anarudishwa kwenye tawi la chuo kugonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu vya kuazimwa, kazi aliyoanza nayo miaka kumi na tisa nyuma.

"Wakaniuliza ni nani alisema upewe kazi," akasema. "Nikawaonyesha sahihi yangu."

"Madam, hakuna kitu kitafungwa mimi nikiwa hapa."

"Hiyo uliniambia pia siku ya mkataba."

Aliandikia wahadhiri wote siku hiyo. Wengi wao nakala zao zilikuwa kwenye kompyuta au kwenye barua pepe za zamani, na ndani ya siku tano alikuwa amepata makala ishirini na nne. Zilibaki saba, na zote saba zilikuwa za mtu mmoja, profesa wa wadudu wa nafaka, aliyekuwa amefariki miaka mitatu kabla. Na ndizo zilizokuwa zinaulizwa kuliko zote. Watu walikuwa wanaandika kutoka nchi ambazo sijazisikia wakitaka kujua alivyosema kuhusu dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga kabla halijafika jikoni.

Mkutubi aliponitajia ni nani, nilicheka. Akaniuliza nacheka nini katika hali hii.

Zile makala saba nilizipiga mimi. Si mfanyakazi wangu, mimi, kwa vidole hivi, kuanzia enzi za taipureta. Kwa miaka kumi na moja yule mzee hakuwahi kumpelekea mtu mwingine. Masekretari wa idara yake walikuwa wameshamkataa kwa sababu ya mwandiko. Herufi zake zilikuwa zimelala zote upande mmoja kama nyasi baada ya mvua kubwa, hakuwa anakata t, hakuwa anaweka nukta juu ya i, na maneno marefu aliyafupisha kwa alama zake alizojitungia. Siku ya kwanza aliponiletea, aliweka karatasi kaunta akaniambia, "Wenye digrii wameshindwa." Nikamwambia aziache. Ilinichukua siku mbili kuufungua ule mwandiko, na tangu hapo nilikuwa nausoma kama gazeti.

Tena alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Jarida likimrudishia makala na masahihisho, hakuwa anarekebisha juu juu. Alikuwa anakaa na kuandika yote upya kwa mkono, kuanzia jina mpaka marejeo, ndipo ananiletea nipige ya mwisho. Nikimaliza, namrudishia zote mbili, ya taipu na ya mkono. Ya taipu inakwenda ng'ambo, nakala yake moja maktaba. Ya mkono anaipeleka nyumbani. Kwa hivyo ile ya mkono ni nakala ya mwisho ya mwandishi, neno kwa neno. Kama bado ipo.

Disketi za zamani nilizijaribu kwanza. Zilikuwa zimeota ukungu, hakuna hata moja iliyofunguka. Nikavaa koti, nikaenda Mountain View kwa mjane wake.

Nyumba ilikuwa na geti jeusi na michungwa miwili. Mama mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka sabini hivi, miwani minene, kitambaa kichwani, fimbo ambayo hakuwa anaiegemea ila kuelekezea. Nilijitambulisha. Akasema anakumbuka mume wake akizungumza kuhusu mtu wa taipu. Akaniletea chai. Kabla sijainywa nikaona ni afadhali nimwambie yote, kwa sababu nikimficha ataambiwa na mwingine. Nikamwambia kwamba nakala za taipu za mume wake niliziuza pamoja na karatasi kuukuu.

Alilaza fimbo magotini. Kisha akasema, "Kwa hivyo wewe ndiye umefungia watu nyama na mume wangu."

"Si nyama, Mama. Zilienda kiwandani. Wanasaga wanatengeneza tishu."

"Na hiyo ni afadhali?"

Akaniambia ninywe chai, inapoa.

Karatasi za mkono zilikuwepo. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha wageni, kila makala imefungwa kwa uzi. Lakini hazitoki, akasema. Baada ya mazishi chuo kilituma gari likabeba vitabu vyote vya chumba chake cha kazi hapo nyumbani, wakasema wanavihesabu, na kilichorudi ni katoni mbili na kiti. Hakuna karatasi nyingine ingepita geti lile. Na sahihi je? Mkutubi alikuwa amenipa fomu ya ruhusa, kwa kuwa mwandishi akifa haki zake zinabaki kwa warithi wake, na mrithi alikuwa yeye. Mama aliishika fomu mbali na macho, akaisoma mpaka chini.

"Hapa wanasema mtu atasoma bure."

"Ndiyo, Mama."

"Kama ni bure, wanataka ruhusa yangu ya nini?"

Nikafikiria jinsi ya kumweleza. Mkutubi angemwambia kwa lugha ya sheria. Mimi nikamuuliza, "Kule kwenu shambani, kulikuwa na njia ya watu ya kwenda mtoni?"

"Ilikuwa inapita katikati."

"Walikuwa wanalipa?"

"Nani alipe kwenda mtoni?"

"Na shamba lilikuwa la nani?"

"La baba mkwe wangu." Akanitazama juu ya miwani. "Na mtu akipita na mbuzi, alikuwa anaweka miiba."

"Basi hata hapa tutaweka miiba, Mama. Kupita ruhusa, mbuzi hapana. Asome, atumie, ataje jina la mwenyewe. Kuuza, hapana."

"Nitaiona hiyo miiba kwanza," akasema, na akaikunja fomu akaiweka ndani ya Biblia yake. Hakutia sahihi.

Siku iliyofuata nilimleta mkutubi na skana, tukidhani tutaskani ule mwandiko ulivyo, kazi iishe. Mkutubi alichukua ukurasa wa kwanza akauangalia. Akauangalia tena karibu na dirisha. Akajaribu mstari mmoja kwa sauti akakwama kwenye neno la tatu. "Hii hata tukiiweka," akasema, "ni kama hatujaweka kitu." Tuliskani hata hivyo, ziwe ushahidi, na michoro yake ya ghala ambayo alichora kwa rula. Lakini maneno ilikuwa lazima yapigwe upya. Na Nairobi yote, pamoja na mitaa ya Waiyaki Way mpaka Kangemi, ilikuwa na mtu mmoja anayeweza kuyapiga.

Ilikuwa Alhamisi. Mkutano ulikuwa Jumatatu ya wiki ya pili yake, na Alhamisi yenyewe ingeishia kwenye kusafirisha kompyuta, kwa hivyo nilikuwa na siku nane za kazi nikiacha Jumapili. Nikamweka mtu kaunta dukani. Nikaita teksi, nikapakia kompyuta nzima na skrini yake kubwa kama friji, printa na bunda la karatasi, nikavifunga kwenye meza ya chakula ya marehemu.

Mama alikuwa na sharti lingine. Chapa ya fomu aliimudu akiishika mbali, lakini ule mwandiko macho yake hayakuuweza, na hajui mume wake alisema nini katika hizo karatasi miaka yote hiyo. Nisome kwa sauti ninavyopiga, kila neno.

Nilikuwa nimepiga Kiingereza miaka ishirini na miwili lakini kukisoma kwa sauti mbele ya mwalimu ni kitu kingine. Vidole vyangu vilijua maneno ambayo ulimi haukuwahi kuyagusa. Sentensi ya kwanza tu, fimbo ikagonga sakafu.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hapo umekanyaga neno katikati. Rudia."

"Mama, tukienda hivi tutafika Pasaka."

"Wewe si ndiye umeuza zile zingine? Rudia. Na usiniite Mama nikifundisha."

Kwa hivyo nikamwita Mwalimu. Siku ya kwanza tulimaliza kurasa tisa. Siku ya pili kumi na mbili. Siku ya tatu stima ilipotea mchana na iliporudi ilirudi kwa hasira, ikaunguza pawa sapulai, kile kisanduku kinachoingiza umeme, moshi ukatoka nyuma ya kompyuta. Nilishuka mjini mbio nikanunua nyingine na kuifunga mwenyewe. Mwalimu alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha, kidole chake kimeshikilia mstari tulipokuwa tumefika, ingawa hakuwa anauona.

Katika makala ya nne tulifika mahali palipoelezwa ghala la majaribio, vipimo vyake, urefu wa miguu yake kutoka ardhini, na mwanamke mwenye shamba aliyekuwa akipima mahindi kila wiki ya kwanza ya mwezi kwa miaka miwili. Nilisoma mpaka mwisho wa aya. Fimbo haikugonga.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa napima na debe. Ananiambia ni ya kazi, nikadhani anaangalia kama nagawia ndugu zangu." Akacheka mpaka akavua miwani. "Soma tena hapo. Hapo umesoma vizuri."

Nikasoma tena hapo mara tatu. Tangu hapo alikuwa ananisahihisha kwa nguvu zaidi, si chini, kwa sababu sasa alitaka isikike inavyostahili. Kufikia makala ya sita nilikuwa natamka yale majina ya Kilatini ya wadudu kama majina ya wapangaji wangu. Jumamosi mchana nilipiga nukta ya mwisho ya makala ya saba. Kurasa mia moja na nne. Tukalinganisha na mwandiko, mimi nikisoma mwandiko kwa sauti, yeye ameshika kurasa za taipu mbali na macho kama mkaguzi wa shule, tukapata makosa sita tu katika zote, na moja lilikuwa la profesa mwenyewe. Nikauliza tulirekebishe. "Liache," akasema. "Lake."

Lakini fomu ilikuwa bado ndani ya Biblia. Nilipomuuliza akasema atakuja nayo Jumatatu mwenyewe, na zile karatasi za mkono pia, kwa mkono wake, na atarudi nazo.

Nilimchukua kwa teksi. Alivaa koti la kanisani. Sanduku la bati lilikuwa magotini mwake na hakukubali niliguse hata kwenye ngazi za chuo, orofa ya nne, kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika. Kamati walikuwa watu wanane kwenye meza ndefu. Mkutubi alikuwa amekaa mwisho, faili zake mbele, mikono juu ya faili. Nilimwona anatuhesabu tulipoingia.

Zile ishirini na nne zilipita haraka. Zikabaki saba. Mwenyekiti, yule naibu wa makamu, alipekua kurasa nilizopiga, akaona zimetoka juzi, akaziweka chini.

"Hizi zimepigwa wiki jana. Nitajuaje kwamba ni nakala ya marehemu na si kitu mmenakili kutoka kwa jarida tena?"

Lilikuwa swali zuri, namsifu. Mkutubi alianza kueleza kuhusu tabia ya marehemu ya kuandika upya. Mwalimu hakungoja amalize. Alifungua sanduku, akatoa fungu moja, akalifungua uzi, akalisukuma mezani. Lilizunguka mikononi mwa wote wanane. Mmoja alisema anaona neno la Kiingereza la mahindi. Mwingine akamwambia hilo si mahindi, ni jina la mwezi.

"Na nani anasoma hii?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi," nikasema.

Akaniangalia, koti langu, viatu vyangu. "Umesoma mpaka wapi, bwana?"

"Darasa la sita. Unataka ukurasa gani?"

Kuna aliyekohoa. Mwenyekiti akachagua mwenyewe, katikati kabisa, akanipa ukurasa wa mkono huku yeye ameshika ule wa taipu. Nilisimama. Nilisoma kutoka juu, bila haraka, jinsi nilivyofundishwa, nikipumua mahali pa kupumua, na yale majina ya Kilatini yalitoka yamenyooka moja moja. Mwenyekiti alikuwa anafuata kwa kidole. Nilipofika chini akageuza ukurasa akaniashiria niendelee. Nikaendelea. Kwenye ukurasa wa tatu akaacha kufuata, akawa anasikiliza tu, na nilipomaliza mzee mmoja wa kamati, mwenye mvi, akasema alifundishwa na marehemu na hivyo ndivyo alivyokuwa anasema darasani.

"Fomu ya mrithi iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

Mwalimu akaitoa. "Miiba iko wapi?" akamuuliza mkutubi.

Kamati haikuelewa. Mkutubi alielewa, maana nilikuwa nimemsimulia. Alizunguka meza akainama kando yake, akamsomea masharti yatakayokaa chini ya kila makala: asomaye asome, anayetumia ataje mwandishi, anayetaka kuuza hana ruhusa, na haki zilizobaki kwa marehemu zinabaki kwa familia yake. Akamsomea mara mbili. Mwalimu akaomba kalamu. Alitia sahihi mara saba, moja kwa kila makala, polepole, kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao hata mtu wa nje ya dirisha angeusoma, kisha akarudisha karatasi zake ndani ya sanduku akafunga uzi.

Hifadhi haikufungwa. Mkutubi hakurudishwa kokote. Kabla mwaka haujaisha alipewa ofisi yenye mlango wake na wasaidizi wawili, na kila mkataba wa kuskani uliofuata ulikuja kwangu bila kupita kwa kampuni yenye maua. Makala zile saba ziko pale mpaka leo, mwandiko upande mmoja, taipu yangu upande wa pili. Na mtu akija dukani kwangu na kitabu kizima akitaka nimnakilie, namvutia kiti, namweleza kuhusu haki ya mwandishi na haki ya mchapishaji, na wanafunzi wa sheria wamewahi kuniuliza nilisomea wapi.

Siku ile ya mkutano, tukiwa kwenye ngazi tunamshusha Mwalimu hatua kwa hatua, mkutubi aliniambia nilete ankara ya kazi ya kupiga upya, kamati ingeilipa, wamefurahi. Nikamwambia katoni niliiuza mimi na ankara ni yangu. Sikuwahi kumwonyesha. Teksi za kwenda na kurudi, karatasi, wino, pawa sapulai na siku nane za mtu niliyemweka kaunta zilinigharimu shilingi elfu ishirini na moja, mia tatu na arobaini.